Flashi yako imefika Lamu

Lamu, Jumapili, baada ya isha

Fundi wangu,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, ila mama na magoti yake kila kusi ikivuma, na dawa yake unaijua: alalamike mpaka mtu amletee kahawa. Sijui nyinyi huko Malindi, wewe na watoto.

Flashi niliipata, ile yenye MathLibre, mfumo wa Linux (wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) uliojaa programu za hesabu, ingawa yule kondakta wako aliitia mfuko wa shati akaisahau, ikabidi nipande boti mpaka Mokowe, ng'ambo ya bara, kumfuata mwenyewe. Ule uzi mwekundu ulioufunga ulikuwa bado upo.

Uliniambia niijaribu kabla sijawapa watoto. Nimeijaribu wiki nzima. Inafanya kazi, lakini usinipe hongera bado, soma kwanza.

Maabara yetu ina kompyuta 11, na unajua hali zake. Virusi vimezoea humo kama paka wa mtaa wa Langoni. Saba ziliwaka kwenye flashi bila maneno. Mbili zilikataa mpaka nilipoingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya kuwashia mashine, nikazima Secure Boot, kinga inayozuia mifumo isiyoitambua. Moja ilileta skrini nyeusi. Nikakumbuka maneno yako, nikabonyeza e pale kwenye menyu, nikaongeza neno nomodeset, la kuizuia Linux isibadili mpangilio wa skrini, mwisho wa mstari, ikafunguka. Ya mwisho ina memori GB 1 tu, nayo ilikuwa ikifikiri mpaka nikaionea huruma, nikaizima.

Mwalimu mkuu alikuja kusimama mlangoni. Hofu yake ilikuwa moja: hiyo Linux itafuta alama za mitihani? Nikamwambia mfumo unasomwa kutoka kwenye flashi na kukaa kwenye memori, diski haiguswi mtu asipoigusa kwa mkono wake. Hakuridhika. Basi nikaichukua ile mashine ya dirishani, ambayo diski yake imekufa tangu mwaka juzi na juu yake huwekwa chaki, nikaiwasha mbele yake. Ilipofungua GeoGebra, programu ya kuchorea jiometri, alivua miwani akaipangusa. Akauliza kitu hiki kimetoka wapi, na bei gani. Nikamwambia ni bure. Kimekusanywa Japani, kilianza 2003 kwa jina la KNOPPIX/Math, kikitumia ile Linux ya KNOPPIX ya Klaus Knopper wa Ujerumani, na tangu 2012 kinaitwa MathLibre na kimesimama juu ya Linux nyingine, Debian. Kilichomwingia ni neno "bure". Akaondoka.

Jambo moja dogo la kuudhi: nilipochagua saa za Nairobi, saa ya kompyuta iliruka masaa matatu mbele, kwa kuwa Windows huandika saa ya hapa kwenye mashine na Linux huisoma kama saa ya Greenwich. Sisi tena saa zetu za Kiswahili zimepishana sita na za kizungu, kwa hiyo siku ile maabara ilikuwa na saa tatu tofauti na kengele ya shule ikawa ya nne.

Sasa watoto. Niliwaita wanane wa kidato cha tatu. Robo saa ya kwanza iliisha kwenye wxMaxima, dirisha la programu ya kukokotoa iitwayo Maxima, bila kitu, maana wanabonyeza Enter, mstari unashuka tu. Ni Shift na Enter kwa pamoja. Kitu kidogo hivyo, lakini nusu yao walikuwa wameshaamua kwamba programu ni mbovu. Walipokipata, nikawaambia wazidishe namba zote kutoka 1 hadi 100 kwa kuandika 100! tu. Vikokotoo vyao vya mtihani hufika 69! vikachoka; ukiandika 70! vinaleta kosa. Maxima ilikokotoa tarakimu zote 158, hakuna hata moja iliyokadiriwa. Pakawa kimya. Kisha binti mmoja, ambaye darasani humsikii sauti, akaweka kidole kwenye skrini akahesabu sufuri za mwishoni. Akasema, "Mwalimu, ziko 24. Mbona 24?"

Fundi, miaka tisa nafundisha, sijawahi kuulizwa swali la hesabu ambalo halimo kwenye mtihani. Nilimwachia mwenyewe. Alikaa na karatasi, akapata kwamba kila 5 ikikutana na 2 inaleta sufuri, na hizo 5 ziko 20, halafu 25, 50, 75 na 100 kila moja imeficha 5 nyingine. Ishirini na nne. Aliandika jibu mkononi kwa kalamu, sijui kwa nini si kwenye daftari.

Siku ya pili nikawaletea bahari. Mmoja wao ni wa kijiji cha Matondoni, baba yake anaunda madau. Nikamuuliza bamvua, yale maji makubwa, huja lini, akanijibu kwa dharau kidogo, kama nimemuuliza jina lake: mwezi ukiandama na mwezi kumi na nne, na lenyewe hushika nguvu siku moja au mbili baadaye, katikati ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Nikamwambia tuone kama kompyuta inajua. Mwezi huvuta maji kwa mzunguko wa masaa 12.42, jua kwa masaa 12 kamili, na nguvu ya jua ni kama nusu ya ile ya mwezi. Tukaandika cos mbili, tukazijumlisha, tukaagiza mchoro wa masaa 720. Ukatoka umechongokachongoka kama meno ya msumeno, wakacheka. Kosa lilikuwa langu, kwani programu ilipima nukta chache kwa mawimbi mengi hivyo. Nikaongeza [nticks,2000], na yale mawimbi yakalainika, yakawa yanavimba, yananywea, yanavimba tena. Kutoka kilele cha uvimbe mmoja hadi kingine wakapima: siku 14 na robo tatu hivi. Yule kijana akautazama mchoro, akasema, "Hii ni kalenda ya babu." Akataka aihifadhi ampelekee baba yake.

Hapo ndipo stima ilipokatika.

Iliporudi, kila kitu kilikuwa kipya kama flashi imetoka kwako jana. Mchoro hakuna, amri hakuna. Nilijua itakuwa hivyo, uliniambia kwamba mfumo wa namna hii husahau kila ukizimwa, lakini kujua ni kitu kimoja na kumtazama usoni mtoto aliyepoteza kazi yake ni kingine. Na nusu saa baadaye mwingine akaichomoa flashi kazi ikiendelea ili achomeke yake ya nyimbo. Mashine ikaganda. Ningeweza kutumia toram, mfumo wote uhamie kwenye memori, lakini memori zetu ni ndogo kuliko mfumo wenyewe.

Kwa hiyo usiku nikajaribu kuiwekea flashi sehemu ya pili, ya kutunza kazi. Nilitenga nafasi iliyobaki kwenye flashi, nikaiandaa kwa mpangilio wa Linux uitwao ext4, nikaipa jina persistence, nikaweka faili persistence.conf lenye mstari mmoja, / union, yaani tunza mabadiliko yote. Nikawasha. Hakuna kilichotunzwa. Nikafuta, nikarudia, tena hakuna. Nikakutukana kidogo, nisamehe. Kumbe nilisahau kuandika persistence kwenye menyu ya kuwashia pia. Nilipoandika, faili langu la majaribio likakaa, hata baada ya kuzima mara tatu. Ila siwezi kumwambia mtoto aandike neno hilo kila asubuhi. Lazima liwe limeshawekwa kwenye menyu.

Ombi langu basi: nitengenezee flashi nane za GB 32, kila moja na sehemu ya kutunza kazi, na neno hilo liwe ndani tayari. Pesa nitakutumia kwa simu mwisho wa mwezi, si kabla, mishahara unaijua. Na kila moja uifunge uzi kama ile ya kwanza, lakini mrefu, niufunge kwenye mguu wa meza. Mpe dereva, usimpe yule kondakta.

Mchoro wa bamvua nimeuchora upya mwenyewe, nimeuchapisha, kijana ataenda nao Matondoni Ijumaa.

Wasalaam,
Mwalimu wako wa Lamu