Ombudsman wa kwanza alikuwa mtu wa mfalme

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa nani asikilize malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa serikali, magazeti yetu hurudia maneno yale yale: kwamba ombudsman, yaani afisa wa kusikiliza malalamiko hayo, alizaliwa Sweden mwaka 1809, akiwa mtu wa Bunge. Maneno hayo yanaruka miaka 96. Ofisi ya kwanza kuitwa kwa jina hilo, ya mwaka 1713, ilikuwa ya mfalme wa Sweden, ingali hai hadi leo, na kwa muundo wake ndiyo inayofanana zaidi na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoanza kazi Tanzania mwaka 1966.

Mfalme Karl XII alitoka Sweden mwaka 1700 kwenda vitani, wala hakurudi hadi Desemba 1715. Baada ya Warusi kumshinda Poltava mwaka 1709, alikimbilia himaya ya Waturuki na kuweka kambi Bender, mji ambao leo umo Moldova. Nchi ikawa inaendeshwa kwa barua. Vita vilidai kodi na askari kila mwaka, na mwenye kauli ya mwisho hakuwa na njia ya kuona kama amri zake zinatekelezwa au zinalala kwenye makabati ya Stockholm. Ndipo tarehe 26 Oktoba 1713, akiwa Timurtash karibu na Edirne, akatia saini amri ya kuunda cheo cha Högste Ombudsmannen. Kwa Kiswidi, ombud ni mtu aliyepewa idhini ya kusimama badala ya mwingine. Huyu, basi, alikuwa Wakili Mkuu wa Mfalme: aangalie kama sheria zinafuatwa na watumishi wanatimiza wajibu wao, na anayekiuka amfikishe mahakamani. Aliyewakilishwa pale ni mfalme.

Wapo waandishi wanaodai kwamba Karl aliiga wazo hilo kwa Waturuki, ambako raia waliweza kupeleka malalamiko yao hadi kwenye diwani, yaani baraza, ya Sultani. Dai hilo huwavutia wasomaji wa pwani yetu, na tunaelewa kwa nini. Ila kufanana si ushahidi. Diwani ilipokea kilio kutoka chini, lakini afisa wa Karl alitumwa kutoka juu.

Mfalme aliuawa Norwei mwezi Novemba 1718, na mwaka uliofuata cheo kikabadilishwa jina kuwa Justitiekansler, yaani Kansela wa Haki. Hapa ndipo historia inapofundisha zaidi. Katika miaka ya nguvu ya Bunge la matabaka manne (makabaila, makasisi, watu wa mijini na wakulima), wabunge walimtamani kansela huyu, na mwaka 1766 wakajitwalia haki ya kumchagua wao wenyewe. Mwaka 1772 Mfalme Gustav III alipindua mambo, na kansela akarudi mikononi mwa mfalme. Jina halikubadilika, wala kazi iliyoandikwa haikubadilika sana. Kilichobadilika ni nani anayemteua, na kwa hiyo ni nani ambaye yeye kansela anamwogopa.

Waliopindua ufalme wa Gustav IV Adolf mwaka 1809 walilikumbuka hilo. Hawakumnyang'anya mfalme kansela wake. Walimwachia, kisha katika Katiba ya tarehe 6 Juni 1809 wakaweka afisa wa pili, Justitieombudsman, anayechaguliwa na Bunge na kutoa taarifa kwa Bunge. Wa kwanza alikuwa Lars Augustin Mannerheim, aliyekuwa ameongoza kamati ya kuandika Katiba hiyo, akaanza kazi mwaka 1810. Huyu ndiye mnayemtaja magazetini.

Maafisa hawa wawili wangali wapo bega kwa bega, na anayebisha hodi kwenye mlango usio wake hupoteza muda. Ombudsman wa Bunge (siku hizi ni wanne) hupokea malalamiko ya maandishi kutoka kwa yeyote, hata asiye raia, hata mtoto. Andika ni ofisi gani, lini, na nini kilitokea. Jambo lisiwe limepita miaka 2. Anaweza kudai majalada, kukemea hadharani na hata kumshtaki mtumishi. Ila hawezi kutengua uamuzi wa ofisi. Wengi huandika wakitumaini kibali walichonyimwa kitatolewa, na huku wanasubiri jibu lake, muda wa kukata rufaa unakwisha. Mawaziri na wabunge hawamo katika mamlaka yake.

Kansela wa Haki huteuliwa na serikali. Ndiye anayeitetea dola ikidaiwa fidia, na huyo huyo ndiye anayemlipa mtu aliyewekwa mahabusu kwa angalau saa 24 mfululizo kisha akaachiwa huru au kesi yake ikafutwa. Na kuna kazi moja ambayo kila mhariri angependa kuijua: katika makosa ya uchapishaji, hakuna mwendesha mashtaka mwingine wa serikali ila yeye. Gazeti likichapisha kinachodaiwa kuwa kosa, kansela ana miezi 6 tu ya kufungua kesi. Anayejibu ni mhariri aliyesajiliwa kuwajibika, si mwandishi, na katika juri ya watu 9 ni lazima angalau 6 wakubali ndipo apatikane na hatia. Polisi wa wilaya hawezi kuamka asubuhi na kumkamata mwandishi kwa makala. Faili lazima lipite kwenye meza moja, Stockholm.

Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyotokana na Katiba ya Muda ya 1965, ilikuwa ya kwanza ya aina yake Afrika. Makamishna wake walizunguka mikoani na kusikiliza malalamiko ya mdomo, jambo ambalo Waswidi hawakuwahi kulipa uzito huo, na linastahili sifa. Lakini waliteuliwa na Rais, taarifa zao zilikwenda kwa Rais, na Rais mwenyewe hakuchunguzwa. Huo ni muundo wa 1713. Afisa wa namna hiyo huwa na meno pale mkubwa wake anapotaka aume. Mkubwa asipotaka, faili hukaa.

Tunaomba gazeti lako, litakapoandika tena juu ya ombudsman, liseme ni yupi: wa mfalme au wa Bunge. Na likiijadili Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyorithi kazi ile kwa sheria ya 2001, liwaeleze wasomaji kwanza nani anawateua makamishna wake, na taarifa yao ya mwaka inaishia mezani kwa nani.