Barua kwa mwanangu mwalimu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, pale uliposema kwamba katika somo la mabadiliko ya tabianchi ulibandika picha za mafuriko, moto na barafu inayoyeyuka hadi ubao ukakosa pa kuandikia. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu ya yule mtoto wa nyuma aliyenyoosha mkono akauliza, "Kwa hiyo sisi tutakufa, mwalimu?" Ukabaki umeshika chaki hadi kengele ikakuokoa.

Usijilaumu sana. Ulianzia mwisho, basi. Mtoto akionyeshwa maafa kabla hajajua joto linatoka wapi, hana pa kushika ila hofu, na mwenye hofu ama hulia ama huziba masikio.

Anza na anga. Jua huipasha ardhi moto, nayo ardhi hulirudisha joto juu kwa miale isiyoonekana. Mvuke wa maji, hewa ukaa na methani hunasa sehemu ya miale hiyo. Bila gesi hizo wastani wa joto la dunia, ambao ni karibu nyuzi 15, ungeshuka hadi karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo blanketi hilo la gesi lenyewe si adui. Taabu ni kwamba tunazidi kulitia unene kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa kufyeka misitu.

Hapo pana mtego ulioninasa mimi miaka mingi. Nilikuwa nafundisha kwamba dunia inapata joto kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka na jua linapenya. Hata tundu lenyewe nililichora, kwa chaki ya rangi! Siyo. Ozoni ni gesi ya juu angani inayozuia miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, na kupungua kwake ni tatizo jingine, ambalo mataifa yalilishughulikia kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. Sasa tabaka hilo linapona polepole. Aliyenisahihisha ni binti mmoja wa darasa langu, kitabu mkononi, na uso ulinishuka mbele ya wenzake wote. Wanafunzi wako nao watakuja na tundu hilohilo, utaona. Waulize wanaamini nini kabla hujaanza kueleza. Na habari ya Montreal usiiache, maana watoto wanahitaji kusikia mahali ambapo watu wazima waliwahi kukubaliana.

Kisha wape tarakimu wachore grafu wenyewe. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa sehemu kama 280 katika kila milioni ya hewa. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa karibu 315. Leo imepita 420. Atajitokeza mjuaji (kila darasa linaye) aseme hicho ni kiasi kidogo mno. Usimkemee, kauliza vizuri. Mwambie karibu hewa yote ni naitrojeni na oksijeni, nazo hazinasi miale hiyo ya joto, kwa hiyo kazi inafanywa na hao wachache. Mdondoshee tone la wino katika glasi ya maji aone.

Sasa hiyo miti mia mnayotaka kupanda Jumamosi. Sikatai, ila miti ya sherehe naijua: hupigwa picha siku ya kwanza, na kiangazi kikifika haina mwenyewe. Pandeni kumi. Kila mche uwe na watoto wake wa kuumwagilia na daftari la kuandika urefu wake. Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za Ukanda wa Kijani mwaka 1977, alihakikisha wanawake wanalipwa kwa mche ulioshika. Kupanda peke yake hakukutosha.

Wala usiwatwike watoto dhambi zetu. Wao hawakujenga mtambo wowote wa makaa ya mawe. Wahesabu bomba linalovuja, taa zinazowaka mchana, chakula kinachomwagwa, kisha wamwandikie mkuu wa shule barua yenye hesabu hizo, na uhakikishe anawajibu. Wakubwa kidogo wasimulie habari ya wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki. Mwaka 2019 walianzisha kampeni ya kulifikisha suala la tabianchi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, serikali ya Vanuatu ikalibeba, na Julai 2025 mahakama ikatoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda tabianchi. Yote hayo yalitokana na mazungumzo ya darasani.

Turudi kwa yule mtoto. Usimwambie kila kitu kitakuwa sawa, atakushtukia. Mwambie joto limeshapanda, na kwamba litapanda kiasi gani zaidi kunategemea tutachoma kiasi gani, ndiyo maana hata sehemu ya nyuzi moja ina uzito wake. Halafu mpe kazi. Ndani ya kifurushi hiki nimekifunga kwa gazeti kipimajoto changu cha zamani. Mkabidhi yeye akitunze. Kila siku saa sita mchana apime chini ya mti, kisha juu ya saruji ya uwanja, aandike. Mwezi ukiisha nataka kuyaona maandishi yake, si yako.

Mama yako