Patasi zako tatu

Mombasa

Kwako ndugu yangu Salim,

Ama baada ya salamu, mzigo wako nimeupata. Patasi tatu ulizofua kwa tupa kuukuu, na zote mbovu! Nilicheka kwanza, kisha nikazipeleka penye mwanga. Usimgombeze aliyekupa zile tupa kuukuu. Ni feleji hasa, chuma bora cha makali. Kosa ni la moto wako.

Tazama ya kwanza pale ilipokatika. Chembe zake ni kubwa, zinametameta kama sukari. Feleji iliyopashwa sawasawa ikivunjika huonyesha kijivu, laini kama majivu yaliyochekechwa. Wewe uliipasha mpaka ikawa rangi ya chungwa. Tupa ina kaboni kama gramu 10 katika kila kilo, basi nyuzi 780 hivi zinaitosha. Kipimo huna, najua, lakini ile sumaku ya spika mbovu unayo. Pasha kivulini, maana jua hudanganya macho. Sumaku ikikataa kushika, subiri kidogo tu, kisha chovya majini.

Ya pili ufa umefuata mstari wa jino la tupa. Meno yasage yote kabla ya moto.

Kuhusu maji, feleji hii haina madini ya kromu ya kuisaidia kuwa ngumu, kwa hiyo lazima ipoe ghafla, la sivyo hubaki laini. Maji matupu hujifanyia koti la mvuke kuzunguka chuma, na penye koti hapawi pagumu. Chumvi hulivunja koti hilo. Wewe bahari iko mlangoni, ila ina gramu 35 tu kwa lita na mimi hutumia karibu 100, basi ongeza konzi. Chovya wima, makali yakitangulia, ukiipandisha na kuishusha. Mpini wa chuma uache nje. Ule wa kupokea nyundo tunautaka laini.

Ya tatu ndiyo imeniuma. Umeandika kwamba jioni ilikuwa nzima, asubuhi ukaikuta na ufa. Salim, ulilala bila kuirudisha motoni! Ikitoka majini ni ngumu kama kioo, tupa nzima inateleza juu yake, na ndani imejikaza vibaya. Irudishe saa ileile. Isugue kwa msasa ing'ae, pasha upande wa mpini polepole, na utaona rangi zikitembea kuelekea makali. Rangi ya majani makavu ikifika kwenye makali, kama nyuzi 230, itose majini. Kwa mvule unaouchonga milango, hapo panatosha. Rangi ya buluu waachie wenye tindo za kukatia chuma.

Na ukinoa kwenye jiwe la umeme, chovya kila mara. Makali yakigeuka buluu pale, umerudi mwanzo.

Hiyo ya pili nimeikata penye ufa, bado ina urefu wa kufaa. Nitaifua upya na kuituma kwa basi la Ijumaa, ipokee pale Mokowe, karibu na Lamu. Wasalimie watoto na mama yao.

Wako,
Fundi Bakari