Somo, hiyo kadi imejaa mno

Kariakoo, Dar es Salaam

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, joto tu ndilo linatutesa, na mama bado anauliza utashuka lini. Picha ya kadi yako ya kazi imefika. Nimeikuza kwenye kompyuta ya dukani nikaisoma mbele na nyuma, na kijana wetu wa mashine akachungulia begani kwangu akauliza, "Dada, hii kadi au tangazo la mnada?" Usinune. Umeniomba nikuchapie mia tano, na kazi ya mtu wangu siipeleki mashineni kabla sijaisema.

Humo nimekuta namba tatu za simu, barua pepe mbili, Facebook, Instagram, sanduku la posta la shule uliyokuwa unafundisha, nyumba yako ya Njiro, hapo Arusha, pamoja na maelekezo ya kukata kona, namba ya mlipakodi (TIN), na cheo cha Mkurugenzi Mtendaji. Mkurugenzi wa nani, Somo, na ofisi nzima ni wewe na kompyuta yako? Andika "Mkalimani na Mtafsiri", basi. Mwenye mkutano wake anatafuta mtu wa kukaa kwenye kibanda cha wakalimani, wakurugenzi anao tele.

Mimi mteja akija na orodha ndefu namna hii huwa namuuliza swali moja tu: mtu akikutafuta kwa njia hii, saa nne asubuhi siku ya kazi, nani atamjibu? Sasa wewe jiulize. Ukiwa na mkutano pale AICC, kwenye kumbi za mikutano za Arusha, unaingia kibandani asubuhi, simu umezima au umeibana sauti. Mnapokezana na mwenzako kila nusu saa, na hata zamu yake ikifika huwezi kuongea, maana maikrofoni iko wazi pembeni yako na unatakiwa umwandikie tarakimu na majina yanayompita. Kwa hiyo siku unazofanya kazi ndizo siku usizopokea simu. Yule mtu wa shirika anayetaka kukupa kazi ya wiki ijayo anapiga namba ya kwanza, haipokelewi. Anapiga ya pili, haipatikani. Ya tatu iko kwenye kile kitochi anachochezea mwanao. Hapo anachukua kadi ya mkalimani mwingine, na wala hakulaumu.

Ndiyo maana kwako wewe barua pepe ikae juu, simu ifuate. Najua kwetu mazoea ni simu kwanza, na ungekuwa unapika keki au unashona, ningekubaliana na mazoea: mteja wa keki anataka kuongea sasa hivi. Wako anakutumia tarehe, ajenda na hati za kusoma kabla ya kikao. Hivyo vyote vinakuja kwa barua pepe hata akianza kwa simu.

Namba iwe moja. Najua utaniambia habari za mitandao, kwamba wa Airtel anataka apige Airtel na wa Voda apige Voda. Hayo yalikuwa na maana zamani. Tangu mwaka 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake akabaki nayo, kwa hiyo tarakimu za mwanzo hazimwambii mtu yuko mtandao gani. Na haya maneno uliyoweka mbele ya kila namba, "Voda", "Airtel", "Tigo", yafute yote. Huyo Tigo mwenyewe anaitwa Yas tangu Novemba 2024. Hapa dukani tuliona watu wanaleta kadi nzuri kabisa, hazijafika nusu ya boksi, wanataka nyingine kwa sababu ya neno hilo moja.

Ipi ubaki nayo? Chagua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe cha NIDA, hata kama siyo ile yenye tarakimu nzuri. Nakwambia hivi kwa sababu nimeona mambo. Kuna mteja wetu fundi wa viyoyozi, kijana hodari. Alipata kazi Masaki, mwenye nyumba akataka kumtumia nusu ya malipo palepale mlangoni. Akaandika namba iliyo kwenye kadi, akabonyeza, likatokea jina la mwanamke. Akasimamisha kidole. Akaitazama kadi, akaitazama simu, akamtazama fundi. "Huyu ni nani?" Ni shemeji yake, ndiye aliyemsajilia laini miaka hiyo kitambulisho chake hakijatoka. Ukweli mtupu, lakini jaribu kuueleza ukiwa umesimama mlangoni kwa mtu na ngazi begani. Mwenye nyumba akasema atalipa taslimu kazi ikiisha. Jina la kwenye kadi na jina linalotokea mtu anapokutumia hela yafanane, Somo. Wewe kwenye kadi umeweka jina la ndoa, na laini yako ya zamani naikumbuka ina jina la baba. Liangalie hilo kabla hatujaendelea.

Na uiandike namba kwa namna mgeni anavyoweza kuipiga: +255, halafu tarakimu tisa, umezigawa tatutatu. Ile sifuri ya mwanzo iondoe. Wengi wanaiacha kwenye mabano, eti +255 (0) na kuendelea, na mtu aliyeko Addis Ababa au Geneva anaipiga na sifuri yake, simu haiendi. Mbele yake andika WhatsApp, kwa sababu wageni wako ndiko watakakokutafuta. Ukiweza, hiyo laini iwe ya kazi peke yake, na WhatsApp yake iwe ile ya biashara, unayoweza kuipangia ujumbe wa kujibu wenyewe: "Niko kwenye mkutano, nitakujibu jioni." Mtu akishajua jioni utamjibu, anasubiri.

Laini ya kazi ina faida nyingine ambayo wewe na mimi tunaijua bila kuambizana. Kadi ya mwanamke inaishia mifukoni mwa watu wasiohitaji ukalimani. Saa nne usiku anaanza: "Mambo mrembo, nilikuona kwenye semina." Laini ya kazi unaizima saa kumi na mbili ukalala zako, na mama akitaka kukupata anakupata kwa ile nyingine.

Kwa sababu hiyohiyo nyumba ya Njiro naitoa, na hapa sikuombi ruhusa. Naelewa kibao cha namba umekipata kwenye ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, na nyumba umeijenga kwa jasho, una haki ya kujivunia. Lakini wateja wako hawaji nyumbani. Hakuna hata mmoja atakayekuja kutafsiriwa sebuleni. Sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo, ila kadi uliyomkabidhi mtu kwa mkono wako huwezi kuifuata mfukoni mwake. Andika "Arusha, Tanzania" na itatosha, tena ni maneno yenye faida: mwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki au wa Mahakama ya Afrika akiona uko Arusha anajua halipi tiketi ya ndege wala hoteli kwa ajili yako. Sanduku la posta la shule nalo toa. Barua yako ya kikazi ikapitie kwa mwalimu mkuu kwa nini? Anayehitaji anwani ya posta kwa ajili ya mkataba ataiomba. TIN weka kwenye ankara, ndiko inakotakiwa. Na namba ya benki, ambayo najua ulifikiria kuiweka nyuma, hapana.

Sasa hizo barua pepe. Ile yenye jina la utani na mwaka wa kuzaliwa ilikuwa tamu tulipokuwa chuoni. Ile ya pili ina jina lako, nzuri, lakini ina mstari wa chini katikati, na kwenye kadi mstari huo ukikaa juu ya mstari wa pambo hakuna anayeuona. Fungua nyingine yenye jina na nukta. Kisha nipigie simu unisomee kwa sauti bila kurudia, nami niiandike. Nikikosea, ibadilishe. Binamu yako anakushawishi ununue anwani yako mwenyewe ya mtandaoni inayoishia na .co.tz ili uonekane wa maana. Si vibaya, ila ni ada ya kila mwaka, na ukisahau kulipia barua zinakatika wakati kadi bado ziko mifukoni mwa watu. Kwa mwaka huu wa kwanza Gmail inatosha. Facebook na Instagram zipumzishe, nimezipitia na zimejaa picha za harusi ya mdogo wako. LinkedIn unaweza kuiacha, wageni wanaiangalia, mradi uikamilishe. Nimeifungua jana, bado inasema wewe ni mwalimu wa kidato cha pili.

Nafasi yote tutakayoipata baada ya kufuta tuipe lugha. Kwenye mchoro wako lugha zimekaa chini kabisa kwa herufi za sisimizi, "Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa", kana kwamba ni mambo ya ziada. Hicho ndicho unachouza! Na soko limefunguka: SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakipokea mwaka 2022, na mwaka huohuo Kongo ya Kinshasa ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki na Kifaransa chake. Mtu mwenye Kiswahili na Kifaransa, anayeishi Arusha, kadi yake ilipaswa kuanzia hapo. Tena onyesha unatoka wapi kwenda wapi. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba wakalimani wana lugha A, ya kuzaliwa nayo, lugha B wanayoweza pia kutafsiri kuingia ndani yake, na lugha C wanayoielewa tu na kutafsiri kutoka kwayo. Weka hizo herufi. Anayeajiri wakalimani anazijua, na asiyezijua atauliza, mtapata la kuongea.

Msimbo wa QR nitakuwekea nyuma, lakini nitautengeneza mwenyewe. Huo uliouchukua kwenye tovuti ya bure haubebi namba yako. Umebeba anwani ya tovuti yao, na wao ndio wanaompeleka mtu kwako. Muda wa majaribio ukiisha wanakudai pesa, au mtu akipiga picha anakutana na tangazo lao. Wangu utabeba jina, simu na barua pepe humohumo ndani, hata mtu asipokuwa na bando zitaingia kwenye orodha yake ya majina. Kwa kuwa ukibeba maneno mengi vile vidoto vinasongamana, tuweke hayo matatu tu, upana usipungue sentimita mbili, na pembeni pabaki peupe. Nitaujaribu kwa simu ya kijana wa mashine, ile yenye kioo kilichopasuka. Ikisoma hiyo, yoyote itasoma.

Karatasi: gramu 300, mbele tupake laminesheni isiyong'aa, nyuma tuache kavu. Unataka ing'ae pande zote, najua, inapendeza chini ya taa. Ila mtu akikutana na wewe kwenye chai ya saa nne huandika kitu nyuma ya kadi, "Kifaransa, mkutano wa Juni", na wino wa peni haushiki kwenye plastiki. Asipoandika, jioni ana kadi ishirini na hakumbuki wewe ulikuwa yupi.

Mia tano sichapi. Nitachapa mia kwa mashine ya dijitali, bei ya kila moja itapanda kidogo lakini namba ikibadilika hutakaa na boksi la kukwarua kwa kalamu. Hilo la kukwarua limo kwenye kadi nyingi kuliko unavyodhani. Nimeona wakili amefanya hivyo.

Kwa hiyo nangoja vitu viwili tu kutoka kwako: laini ipi ina jina lako la sasa, na barua pepe mpya ukishaifungua. Kama laini zote bado ziko kwa jina la baba, basi kadi nayo tuandike jina la baba, mume wako atanielewa, au nenda ukabadilishe usajili kwanza. Mchoro nitakutumia uusome wewe, halafu umpe mtu mwingine ausome, maana jicho la mwenye jina huruka makosa ya jina. Basi la Alhamisi linaweza kukuletea boksi kama utajibu mapema, na usisahau kunitumia ndizi mshale kwa basi hilohilo likirudi.

Msalimie shemeji na watoto.

Somo wako