Wanamlimani wa London: Jumamosi hii na Ijumaa ya wiki ijayo

Habari zenu kaka na dada mliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakubwa wetu, shikamooni.

Jumamosi hii tukutane Greenwich Park, saa nane mchana, lango la Blackheath. Pale hawaruhusu kuwasha mkaa, kwa hiyo nyama ichomwe nyumbani kabisa. Pilau na kachumbari vimeshapata wapishi. Bado chapati, maji na mikeka. Tafadhali njooni na watoto. Wengine Kiswahili wanakisikia kwa baba na mama tu, na hilo linaniuma.

Ijumaa ya wiki ijayo, saa tano asubuhi, tunakwenda maktaba ya SOAS, chuo kilicho chini ya University of London, pale Russell Square, wanakohifadhi tenzi za zamani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Najua ni siku ya kazi. Ombeni ruhusa mapema na mje na kitambulisho. Mlimani yetu ilianza 1961 ikiwa chini ya University of London, 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hadi 1970 ilipojitegemea, kwa hiyo hapo si ugenini.

Tukitoka, waliomaliza uzamivu watakaa na wanaoomba ufadhili, wawasomee barua zao za maombi. Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Jumatano.