Barua kwa Salim: kabureta inapomwaga petroli

Mombasa

Kwako Salim,

Salamu nyingi zikufikie huko Bakersfield, wewe na shemeji na watoto. Huku hatujambo, ni joto tu linalotutesa. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na picha nimeziangalia moja moja: flathedi ya Ford, ile injini ya zamani ya silinda 8, kabureta mbili za Stromberg 97 juu yake, na chini ya ile ya nyuma manifoldi, njia inayogawa mchanganyiko kwenye silinda, imeshabadilika rangi kwa petroli iliyochuruzika. Unauliza ununue jeti ndogo zaidi au ung'oe kabureta nzima uweke mpya. Usinunue kitu bado. Jeti, kile kitundu kidogo, inapima petroli inayotoka kwenye bakuli, akiba ndogo iliyomo ndani ya kabureta, kwenda kooni, yaani njia ya hewa; shida yako ni petroli inayoingia bakulini bila kujua mahali pa kusimama. Ukiweka jeti ndogo utakuwa na gari linalomwaga likiwa limesimama na lisilo na nguvu likikimbia.

Kabla ya kabureta, vuta kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama, petroli imeshapita kwenye silinda ikashuka chini. Oili ya namna hiyo haina utelezi, na beringi ndizo zitakazolipa deni. Mwaga, weka mpya na filta mpya kama injini yako imewekewa filta, lakini fanya hivyo mwisho, baada ya kuziba mvujo, la sivyo utamwaga mara mbili. Na kama gari lililala usiku kucha huku linavuja, usipige stata plagi zikiwa ndani. Silinda ikijaa maji ya aina yoyote pistoni haina pa kuyabania, na kitakachopinda ni fimbo ya pistoni. Toa plagi zote 8, chomoa waya wa koili, halafu ndiyo uzungushe. Ule waya usiusahau: petroli itatoka kwenye matundu ya plagi kama dawa ya mbu, na cheche moja inatosha kuliunguza banda. Mtungi wa kuzimia moto wa mafuta uwe mkononi mwa mtu, usiwe umetundikwa ukutani nyuma ya gari.

Sasa kiini. Umesema uliweka pampu ya umeme karibu na tangi kwa sababu ile ya zamani, iliyokaa nyuma ya manifoldi na kusukumwa na fimbo kutoka kwenye kamshafti, ilikuwa mbovu. Mimi ningeanzia hapo. Kabureta ya 97 ilitengenezwa kwa presha ndogo, paundi 2.5 hadi 3 kwa inchi ya mraba, basi. Pampu nyingi za umeme zinazouzwa leo kwa magari ya kabureta zinatoa kati ya 4 na 7, ambazo kabureta kubwa ya Holley inazimeza bila shida. Ndani ya bakuli kuna floti, boya linaloelea juu ya petroli; likipanda linaisukuma sindano izibe tundu la kuingilia, linaloitwa kiti. Piga hesabu mwenyewe: tuseme tundu la kiti cha sindano lina upana wa inchi 0.1. Kwa presha ya paundi 3, petroli inaisukuma sindano kwa nguvu ya gramu 11 hivi. Kwa paundi 7 inakuwa gramu 25. Floti ni ileile na inaelea kwa nguvu ileile, kwa hiyo ili iishinde petroli inabidi izame zaidi, na ikizama zaidi maana yake petroli imepanda zaidi. Ndipo bakuli linapofurika ingawa hakuna kilichovunjika. Watu wanabadilisha sindano tatu, nne, na kosa liko chini ya buti.

Tafuta geji ya presha ndogo, ya 0 hadi 15. Ya 0 hadi 100 haikufai kwa sababu paundi 3 juu yake ni unywele tu. Ifunge kwa kiungo cha T karibu kabisa na kabureta, baada ya filta. Soma injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, kisha soma tena ikiwa imezimwa na pampu inaendelea kufanya kazi. Hiyo ya pili ndiyo yenye maneno. Ikivuka 3, weka regulata, kipunguza presha, uiteremshe hadi 2.5. Usiamini namba zilizochorwa kwenye kitufe cha regulata, hasa zile za kung'aa za bei rahisi; geji ndiyo hakimu. Au nunua pampu ya umeme iliyotengenezwa kwa presha ndogo tangu kiwandani, uachane na regulata kabisa. Mimi napenda hii ya pili, kitu kimoja kidogo cha kuharibika. Na ile pampu ya zamani, kama bado iko na mabomba yameunganishwa, itenge. Daiframu yake, ile ngozi laini inayosukuma petroli, ikichanika petroli inaweza kushukia kwenye oili, na utabaki unailaumu kabureta bure.

Presha ikiwa sawa na bado inamwaga, nenda kwenye uchafu. Tangi la miaka mingi lina kutu, na petroli ya huko yenye ethanoli asilimia 10 inalainisha mabomba ya mpira ya zamani mpaka inaachia vipande vyeusi vidogo kama kaboni ya penseli. Kipande kimoja kikinasa kati ya sindano na kiti, sindano haifungi. Dalili yake ni kwamba mvujo unakuja na kwenda: leo unamwaga, kesho kimya. Gonga kando ya bakuli kwa mpini wa bisibisi, kwa upole. Ukikoma hapohapo, umeshapata jibu. Lakini kugonga si kutengeneza. Badilisha mabomba yote ya mpira kwa yale yaliyoandikwa kwamba yanafaa ethanoli, weka filta baada ya pampu, na usafishe bakuli lenyewe, maana uchafu ulioko tayari ndani haupiti tena kwenye filta.

Kisha fungua kifuniko cha juu cha kabureta. Uzuri wa 97 ni kwamba kifuniko kinaondoka na floti inabaki mahali pake, imening'inia kwenye kipini chake ndani ya bakuli, kwa hiyo unaweza kuiona ikifanya kazi. Injini ikiwa baridi, waya wa koili umechomolewa, banda limefunguliwa pande zote, washa pampu peke yake na umulike ndani kwa tochi. Utaona petroli inapanda, floti inapanda nayo, halafu mtiririko unakatika. Hapo usiondoke. Simama dakika 5 nzima ukiangalia uso wa petroli. Ukitulia kama chai kwenye kikombe, sindano inafunga. Ukiendelea kupanda kidogo kidogo, hata kwa unene wa ukucha, umemkamata mwizi. Fanya hivyo kwa kabureta zote mbili, hata hiyo ya mbele unayoisifu.

Inapoendelea kupanda, wanaoshukiwa ni watatu. Wa kwanza ni sindano na kiti chake. Toa floti, toa sindano, itazame ncha yake kwa kioo cha kukuzia. Ya chuma iliyochakaa ina mstari wa duara unaong'aa, na ukipitisha ukucha unakwama. Hiyo usiisugue kwa msasa. Nunua sindano pamoja na kiti chake, kwa sababu vimezoeana na mpya haitakaa vizuri kwenye kiti cha zamani. Yenye ncha ya Viton, mpira unaostahimili petroli, inavumilia chembe ndogo za uchafu kuliko ya chuma tupu, ndiyo ningekushauri. Kiti kikazwe kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, maana shaba nyeupe hiyo ikichubuka hutaitoa tena kwa amani. Wa pili ni washa iliyoko chini ya kiti. Huyu anawapita mafundi wengi: sindano inafunga vizuri kabisa, lakini petroli inazunguka nje ya kiti kupitia washa iliyokauka. Ukibadilisha kiti, washa nayo iwe mpya.

Wa tatu ni floti. Ni ya shaba, nyepesi, imeunganishwa kwa risasi ya kulehemu, na ikipata tundu dogo inakunywa petroli na kuwa nzito. Itoe uitikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, umeshapata jibu. Usiposikia kitu, izamishe kwenye maji ya moto, si ya kuchemka, uishike chini kwa kidole. Hewa ndani inatanuka na viputo vitatoka kwenye tundu. Kuna wanaoziba kwa risasi. Inawezekana, lakini petroli yote lazima iwe imeshatoka, kwa sababu mvuke uliofungiwa ndani ya shaba na kisha ukapashwa moto hulipuka. Na risasi ikizidi, floti inakuwa nzito na kiwango kinapanda upya. Floti mpya hazikosekani huko kwenu, wala 97 zenyewe, kwa kuwa zinatengenezwa upya Uingereza, kwa hiyo sioni haja ya kujitesa.

Ukishamaliza hayo, pima kiwango. Gari liwe kwenye sakafu iliyo sawa. Endesha injini sailensa dakika chache, zima, toa kifuniko na gasketi yake, kisha pima kutoka kwenye ukingo wa juu wa bakuli hadi kwenye uso wa petroli. Kipimo ni inchi 15/32, milimita 12 hivi, na ruhusa ni 1/32 juu au chini. Tumia kijiti cha kina cha venia, ile rula ya kupimia vitu vidogo, na upime mbali na kuta kwa sababu petroli hupanda kidogo ukutani na kukudanganya. Kikiwa juu mno, pinda ulimi wa mkono wa floti kidogo sana, kwa koleo lenye ncha nyembamba, floti ikiwa nje. Ukiupinda ikiwa ndani huku sindano imebanwa kwenye kiti, utaiumiza ile ncha mpya uliyoinunua. Rudisha, jaza, pima tena. Huwa inachukua mara tatu au nne, usikasirike.

Bakuli likiwa sawa na bado moshi ni mweusi na plagi zina masizi mabichi, tatizo si kufurika tena. Tazama vali ya nguvu, iliyoko chini ya pampu ndogo ya ndani, ile inayorusha petroli unapokanyaga mafuta ghafla. Fimbo ya pampu hiyo huisukuma vali ifunguke unapokaribia kukanyaga hadi mwisho. Ikivuja, injini inalishwa mafuta ya mwendo kasi ikiwa imesimama kwenye taa.

Limebaki jambo la joto. Umesema mara nyingine inamwaga dakika 10 baada ya kuzima, ukishaingia dukani. Flathedi inapitisha moshi wake ndani ya bloki kabla ya kuutoa nje, kwa hiyo manifoldi inapikwa kutoka chini. Ukizima, hakuna petroli baridi inayoingia, ya bakulini inachemka na kumwagikia kooni, na ile iliyofungwa kwenye bomba inatanuka, presha inapanda na kuilazimisha sindano. Weka kipande cha kuzuia joto chini ya kila kabureta, unene wa robo inchi hadi nusu, kisha uhakikishe kofia ya injini haijaanza kugusa. Bomba la petroli lipitie mbali na mabomba ya maji. Petroli ya majira ya baridi huko California huchemka upesi zaidi, kwa hiyo ikitokea siku ya jua la ghafla mwezi wa pili, usianze kufungua floti.

Na injini ikifurika petroli ikakataa kuwaka barabarani: choki, kile kizibo cha hewa, wazi kabisa, kanyaga mafuta hadi chini na ubaki hapo bila kupampu, piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia. Kila ukipampu unaongeza petroli juu ya petroli.

Nitumie namba mbili tu: presha ya geji pampu ikiwa inafanya kazi na injini imezimwa, na kina cha petroli kwenye kabureta ya nyuma. Msalimie shemeji, na umwambie zulia la banda litanuka wiki moja zaidi.

Wasalaam,
Ndugu yako