Msaka mizimu wa riwaya awe mpelelezi kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni kuhusu riwaya za vijana zinazosimulia kusaka mizimu, hadithi ambazo wazazi wengi huzikemea bila kuzisoma na waandishi wengi huziandika bila kuzitendea haki. Wanaozikemea husema kwamba zinawatia watoto hofu na kuwazoesha ushirikina. Sina ugomvi mkubwa nao, kwani kijana wa miaka 14 aliyejichagulia kitabu cha kutisha anajua anachokitafuta, na akizidiwa atakifunga. Lalamiko langu ni jingine, nalo ni kwamba wasaka mizimu wa riwaya hizi aghalabu hawasaki chochote.

Sura yenyewe tunaijua. Vijana watatu au wanne wanaingia usiku katika nyumba isiyokaliwa na watu, mmoja ameshika kamera, mwingine kifaa cha kupimia sumakuumeme. Kifaa kinalia, mlango unajibamiza, na kufikia ukurasa unaofuata wote wanatimua mbio wakiwa na yakini kwamba mzimu upo. Hakuna aliyeuliza kama nyaya za umeme zimepita ndani ya ukuta ule, ilhali kazi halisi ya kifaa hicho ni kupima nguvu zinazotoka kwenye nyaya na mitambo, wala hakuna aliyerudi mchana kukagua bawaba za mlango. Mwandishi amewapa vijana vifaa vya upelelezi, kisha akawanyima upelelezi.

Waandishi hao wangejifunza mengi kwa Vic Tandy, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara iliyosemwa kuwa na mzimu. Usiku mmoja, akiwa peke yake, alihisi baridi na woga, kisha akaona umbo la kijivu pembeni mwa jicho lake, ambalo lilitoweka alipogeuka kulitazama. Kesho yake alileta upanga mwembamba wa mchezo wa vitara ili autengeneze, akaubana kwenye jiliwa, na mara ukaanza kutikisika wenyewe bila kuguswa. Mhusika wa riwaya zetu angekuwa amekwishafika barabarani. Tandy aliusogeza upanga huku na kule chumbani hadi akagundua mahali ambapo mtikisiko ulikuwa mkali zaidi, na mwishowe akamkuta mhalifu: feni mpya ya kutolea hewa, iliyokuwa ikitoa mawimbi ya sauti ya takriban hezi 19, yaani mitikisiko 19 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Maelezo yake, kwamba mawimbi hayo ndiyo yaliyoutikisa upanga na ndiyo yaliyomletea woga na lile umbo la kijivu, yalichapishwa mwaka 1998. Nionyesheni riwaya ya vijana yenye sura nzuri kuliko hiyo ya upanga.

Kisa kingine kilichapishwa mwaka 1921 na daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, kuhusu familia iliyohamia nyumba kuukuu na kuanza kusikia nyayo usiku na kuona watu wasiokuwapo. Ilibainika kwamba tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu na lilikuwa likivujisha ndani gesi ya kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu inayoweza kumfanya mtu aone na kusikia visivyokuwapo. Hapa hatari ilikuwa ya kweli, na anayeigundua ndiye anayeokoa maisha. Sioni kwa nini shujaa wa miaka 15 asipewe nafasi hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba maelezo ya kisayansi huua hofu. Naona ni kinyume chake. Riwaya ina ruhusa ya kuwa na mzimu wa kweli, lakini mzimu huo utatisha zaidi ikiwa umeme umekatwa, feni imezimwa, bawaba zimetiwa mafuta, kila mwenye ufunguo amehojiwa, na bado nyayo zinapanda ngazi. Msomaji aliyekuwa akitegemea maelezo hana tena pa kujificha.

Tena lipo swali ambalo waandishi wa vijana, kwa ajabu kabisa, hulikwepa: je, kama anayegonga ukuta ni mmoja wa vijana wenyewe? Mwaka 1848, katika kijiji cha Hydesville jimboni New York, wasichana Margaret na Kate Fox waliwaaminisha watu kwamba roho ya marehemu inawajibu kwa kugonga. Mwaka 1888 Margaret alikiri hadharani kwamba kugonga kule kulikuwa mlio wa viungo vya vidole vya miguu yao, na mwaka uliofuata akaikana kauli yake mwenyewe. Urafiki, uongo uliokua hadi kuwashinda waliouanzisha, watu wazima waliotaka kuamini: hayo yote ni mambo ya umri huo, na yanatosha riwaya nzima.

Kwa hiyo nawaomba wachapishaji, mswada wa aina hii unapowafikia, wamuulize mwandishi swali moja kabla ya kuukubali: asubuhi baada ya mlango kujibamiza, wahusika wake walirudi kukagua nini?

Mwalimu wa fasihi